Mgeni Aliyechoka Kusimama

Kiti kilikuwa na joto. Damalie akainuka upesi.

"Kato, ulikuwa umekaa hapa?"

"Mimi? Hata viatu sijavua, mama," mumewe akajibu.

Ilikuwa saa tisa alasiri, na giza la Desemba lilikwisha kutanda Alby, mtaa wao huko Uswidi. Damalie alikuwa ametoka hospitali ya Flemingsberg, alikokuwa akiwageuza na kuwaogesha wagonjwa tangu alfajiri. Akajaribu kochi. Nalo lilikuwa na joto, na kitu kikamsukuma taratibu, kama mtu aliye usingizini. Hewani palinuka sukari guru iliyoungua.

Walikuwa wamerudi juzi tu kutoka kisiwa kimoja cha Karibea ambacho Waswidi waliwahi kukitawala. Kati ya nchi kumi na nane walizotembelea, hakuna hata moja ambamo Kato hakumwaibisha mkewe. Huko walizuru mnara wa ukombozi wa watumwa: mtu wa shaba, amesimama wima, pingu zimekatika mikononi. Watalii wenzao walivua kofia. Kato akakishika kitambi chake, akasema kwa Kiswahili:

"Pole mzee. Umesimama mno. Twende kwangu Alby ukapumzike."

"Kato! Watu wako kimya, wewe unatania!"

"Natania nini? Mtu humpiti hivihivi bila kumkaribisha."

Basi mgeni alikuwa amekubali.

Siku ya tatu walikuwa wanakula wamesimama. Kitandani palikuwa na bonde refu katikati, na pumzi nzito. Aliyejilaza alisukumwa mpaka sakafuni. Walikwenda kuomba malazi kwa rafiki yao anayekaa mtaa wa Tumba, kitanda cha huko nacho kikapata joto kabla yao. Siku ya tano Damalie alianguka kazini. Miguu ilikuwa imevimba, moyo unaruka mapigo. Daktari akamwandikia mapumziko, akionya kwamba bila hayo moyo utasimama. Damalie alicheka mpaka akalia.

Ndipo Kato akamwita Fauziya, jirani wa ghorofa ya nne, anayewasomea dua watu wa kwao. Ubani wake uliamsha king'ora cha moshi, Kato akakipiga kwa ufagio. Fauziya akalaza sikio kwenye godoro, akakaa hivyo muda mrefu.

"Hana ubaya," akanong'ona. "Kachoka tu. Simfukuzi mtu aliyealikwa. Aliyemwalika ndiye amwambie ainuke."

"Na asipoinuka?"

"Damalie, dada yangu, chochote kile, usilale naye. Uchovu wake si wa wiki moja."

Kato akapiga magoti. "Mzee, samahani, mimi ni mtu wa mizaha…"

Pumzi ikakatika. Godoro likalia, na lile bonde likageuka polepole, kama mgongo unaogeuka, mpaka Kato akahisi uso asiouona uko karibu na wake, na harufu ya sukari iliyoungua ikampanda puani, na nyuma yake harufu ya jasho la watu wengi waliofungiwa pamoja, na akafungua kinywa aseme neno moja tu, inuka, akakifunga tena, kwa sababu alijua ni wangapi waliwahi kumwambia mtu huyu neno hilo, na walikuwa wameshika nini mkononi.

"Siwezi," akasema.

Akamsindikiza Fauziya hadi kwenye lifti, kwa aibu. Aliporudi alimsikia Damalie chumbani, kwa ile sauti yake ya wodini:

"Sogea kidogo, baba. Na mimi nimechoka."

Godoro lilikuwa limebonyea mahali pawili. Akamwita, akamtikisa, akambembeleza, hakuamka. Uso wake ulikuwa umetulia, na mapigo ya moyo yalikuwa sawa kabisa, ila pigo hadi pigo palikuwa na nafasi ndefu. Kato alikesha amesimama mlangoni.

Kulipokucha simu ya Damalie ikaita: kazini wanauliza atarudi lini. Kato akamgusa bega.

"Mama, amka. Inatosha."

Damalie hakufumbua macho. Midomo ilifunguka, na sauti mbili zikatoka pamoja, bila haraka yoyote:

"Bado hatujapumzika."