Vyeti Ishirini na Moja na Asali ya Ipole

Ijumaa ile alasiri nyumba yetu ya Gongoni, hapa Tabora mjini, ilikuwa imetulia. Mume wangu Shaban alikuwa amerudi msikitini na kupanda juu ya stuli, misumari miwili mdomoni, akitundika fremu sebuleni. Mimi nilikuwa nimeshikilia stuli isiyumbe. Mwanetu Awadhi alisimama mlangoni akimwelekeza.

"Kushoto kidogo, baba."

"Hapa?"

"Umepitiliza."

"Wewe, mimi nilianza kutundika fremu mama yako hajajua hata kusuka nywele."

Tukacheka wote watatu. Kilichokuwa ndani ya fremu ni cheti cha Awadhi, cha ishirini na moja. Ukuta ulikuwa umebaki na nafasi ya viwili tu.

Niwaeleze vizuri, wazazi wenzangu. Shaban ni fundi fremu. Nyumba nyingi za mtaa wetu zina picha ya harusi au aya iliyopita mikononi mwake. Wateja huwatengenezea kwa mbao yoyote, lakini vyeti vya mwanawe alivitengenezea kwa mninga mtupu, akausugua kwa msasa mpaka ukang'aa. Ndivyo anavyopenda yule mzee. Hajui kusema maneno matamu, anasugua mbao.

Awadhi alimaliza kidato cha sita, nafasi ya chuo kikuu akaikosa. Akasema anataka kujifunza kutengeneza programu za mtandaoni, zile unazozifungua kwenye simu au kompyuta, ukajaza, ukabonyeza, zikakujibu hapo hapo. Tukamnunulia kompyuta iliyotumika, na kila wiki tukamwekea bando. Masomo ya kazi hiyo yamejaa mtandaoni na mengi ni ya bure. Kila somo lina video, kurasa za kusoma, mifano ya kupakua na mazoezi ya kufanya mwenyewe. Ukimaliza unajibu maswali, unapewa cheti.

Vyeti vilikuja kweli kweli. Kila kimoja kilipikiwa pilau na jirani akaitwa. "Mhandisi wa mitandao huyu," Shaban alikuwa akisema, na mgeni alitazama ukuta akaitikia.

Siku moja tu niliuliza. "Awadhi, mpaka sasa umetengeneza nini?"

Kabla hajajibu baba yake akaingilia. "Mama Awadhi, acha maswali yako ya zahanati. Mtoto si mgonjwa."

Nikanyamaza. Mimi ni muuguzi, nina stashahada. Chuoni nilichoma sindano machungwa mpaka mikono ikanuka machungwa, ndipo nikaruhusiwa kugusa mkono wa mtu. Nilijua kabisa kwamba kuona si kuweza. Sikunyamaza kwa kuridhika. Nilinyamaza kwa sababu na mimi nilipenda kuulizwa kazini habari za mwanangu, nikajibu huku nimenyoosha shingo. Hilo ndilo kosa langu, nalitaja mapema ili msidhani hadithi hii ni ya watu wengine.

Basi fremu ya ishirini na moja ilikuwa haijanyooka vizuri tuliposikia hodi. Alikuwa Nyamizi, katibu wa kikundi cha akina mama wafuga nyuki wa Ipole, amekuja kuchukua fremu ya picha ya kikundi chao. Akaingia, akatazama ukuta, akasahau fremu yake.

"Hivi vyote ni vya mtu mmoja?"

"Vya huyo hapo," Shaban akasema kutoka juu ya stuli.

Nyamizi akamtazama Awadhi kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Akatueleza shida yao. Mnunuzi kutoka Dar alikuwa tayari kuchukua asali yao yote kwa bei nzuri, kwa sharti moja. Alitaka kujua kila ndoo imerinwa na nani, kambi gani ya porini, tarehe gani. Madaftari yao yalilowa kambini na kunata asali mpaka kurasa zikashikana. Na huko porini simu haina mtandao. Walihitaji programu itakayotunza taarifa ndani ya simu, kisha izitume wakirudi Ipole.

"Mwisho wa mwezi wa saba anakuja," akasema. "Utaweza, mwanangu?"

Awadhi akamtazama baba yake.

"Ataweza," akasema Shaban.

"Nitaweza," akasema Awadhi.

Nilimwona uso. Nimeuona uso ule kwa wanafunzi wa uuguzi wanapoambiwa wamwekee mtoto dripu kwa mara ya kwanza. Niliuona, nikaenda kupika chai.

Baada ya wiki mbili programu ilikuwa tayari, na ilipendeza. Picha ya nyuki juu, vitufe vya manjano, na kila ukibonyeza yanatokea maandishi ya kijani: IMEHIFADHIWA. Ilifunguka hata bila mtandao. Akina mama walipokuja kuichukua walipiga vigelegele. Awadhi akawaambia orodha wataiona watakaporudi penye mtandao. Halafu akaongeza jambo ambalo hakuombwa: "Madaftari wekeni kando sasa. Hayo ni mambo ya zamani."

Wakaingia porini, wakarina wiki tatu.

Waliporudi Ipole na ndoo themanini na nne, Nyamizi akafungua orodha. Haikuwa na kitu. Hata ndoo moja.

Kesho yake alifika kwetu na basi la kwanza, kanga bado ina vumbi la safari. Awadhi akamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akaweka simu mezani.

"Nionyeshe asali yangu."

Awadhi akaichukua simu, akabonyeza hapa, akabonyeza pale.

"Labda simu..."

"Simu nne, mwanangu. Zote zimekataa."

"Itakuwa mtandao wa Ipole," akasema Shaban.

"Baba Awadhi, wewe nyamaza. Ninazungumza na mhandisi."

Mwanangu akairudisha simu mezani, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa mtoto wa miaka sita. "Sijui kuhifadhi. Sikuwahi kujua."

"Una vyeti ishirini na moja!" baba yake akasema.

"Ni vya kutazama, baba. Nilitazama."

Ndipo yakatoka yote. Video aliziendesha kwa kasi maradufu. Kurasa za kusoma hakusoma. Mazoezi aliyaruka. Maswali alibahatisha, akikosa alirudia mpaka yakubali. Programu ya akina mama aliinakili kutoka kwenye mfano wa somo moja, na mfano ule ulikuwa wa kufundisha mwonekano tu, yale maandishi ya kijani yanatokea hata kama hakuna kilichowekwa popote. Chini ya ukurasa ilikuwa imeandikwa wazi kwamba kuhifadhi kunafundishwa katika sehemu inayofuata. Yeye hakufika chini ya ukurasa. Alijaza ndoo tatu, akaziona tatu kwenye kioo, akaridhika. Hakuifunga programu hata mara moja aone kama zitabaki.

"Kwa nini, Awadhi?" nikauliza.

Akamgeukia baba yake. "Kila Ijumaa ulikuwa unaniuliza kipya kiko wapi. Ulikuwa unafurahi sana, baba. Nikashindwa kukunyima."

Shaban akakaa. Nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na sita na sijawahi kumwona akikaa vile, kama mtu aliyevutwa mguu. Akatazama viganja vyake.

"Wanafunzi wangu nawaachia waharibu mbao miezi mitatu," akasema. "Wanakata pembe, haikutani, nawaambia kata nyingine. Wewe sikuwahi kukuona ukikata hata moja. Wala sikuuliza."

Nikaanza kulia. Awadhi naye. Nyamizi akagonga meza.

"Mtalia baadaye. Mnunuzi anakuja baada ya siku tisa."

Mchana ule ule Awadhi na Nyamizi wakapanda basi la Mpanda linalopita Ipole. Mimi nikaomba ruhusa kazini nikawafuata kesho yake, kwa sababu deni la namna ile mtoto halilipi peke yake.

Kazi ilikuwa kuzitambua ndoo. Kila mwanamke alifunga mfuniko wa ndoo zake kwa utepe wa kanga yake kuukuu, ndiyo desturi yao, na kambini kila mmoja anaijua kanga ya mwenzake. Tukakaa chini, utepe mmoja mmoja. Huu wa nani? Ulikuwa kambi gani? Upepo ule mkali ulikukuta kabla hujarina au baadaye? Awadhi aliandika kwenye daftari kwa kalamu. Palipokuwa na shaka alitembea mpaka kambini kuwauliza wenzao waliobaki huko kulinda mizinga. Alirudi miguu imevimba, kaumwa na nyuki shavuni. Akina mama walimcheka. "Mhandisi, hao nao wamekupa cheti!"

Lakini tepe nyingi zilikuwa zimeng'oka njiani kwenye trekta lililoleta ndoo kutoka porini. Mnunuzi alipofika tulikuwa na uhakika wa ndoo hamsini na moja. Akachukua hamsini na moja. Thelathini na tatu zikabaki, zikauzwa barabarani kidogo kidogo kama asali isiyo na mwenyewe. Katika hizo, nane zilikuwa za Nyamizi, mavuno yake yote ya msimu. Alikuwa amepanga kuezeka nyumba kabla ya mvua. Hakuezeka.

Mnunuzi alisema atarudi mwezi wa kumi na moja kwa mavuno ya pili. Akikuta taarifa hazijakamilika, harudi tena.

Nilitegemea Nyamizi atafute fundi mwingine. Badala yake alimwambia Awadhi, "Wewe umeshanigharimu. Siwezi kukuachia ukamgharimu mwingine. Kaa hapa ujifunze."

Awadhi akakaa Ipole. Asubuhi alibeba maji na kukarabati mizinga pamoja nao, mchana alikaa barazani kwa Nyamizi na kompyuta yake. Alirudi somo la kwanza. Masomo yalikuwa yale yale, ya bure, hayakubadilika hata neno. Safari hii alisoma kila ukurasa mpaka chini. Mfano akiupakua aliufuta mstari mmoja aone nini kinaharibika, akaurudisha. Zoezi alilifanya bila kutazama jibu. Zoezi moja lilimkalia siku nne.

Kila jioni baba yake alimpigia simu. Hakumwuliza tena kipya kiko wapi.

"Leo imekataa wapi?"

Awadhi alimweleza kwa kirefu, na Shaban, ambaye hata ujumbe wa simu husomewa, alisikiliza mpaka mwisho.

"Haya. Kesho kata nyingine."

Mtihani aliutunga Nyamizi mwenyewe. Hakuwa na maswali ya kuchagua. "Zima mtandao. Jaza. Funga. Zima simu kabisa. Haya, iwashe. Ziko wapi?" Mara ya kwanza hazikuwepo. Mara ya pili zilikuwepo nusu. Mara ya tano zilikuwepo mara mbili mbili, na Nyamizi akasema hata nyuki hawamzalishii hivyo. Mwishoni mwa mwezi wa tisa alizima, akawasha, zikatulia pale pale. Akazima tena. Akampa jirani azime. Akaitoa betri. Zilikuwepo.

Mwezi wa kumi na moja akina mama walirina ndoo tisini na sita. Siku mnunuzi alipokuja na mimi nilikuwepo. Alichagua ndoo bila mpangilio, akasoma namba iliyoandikwa safari hii kwenye mfuniko, na Nyamizi akamsomea kutoka kwenye simu: nani, wapi, lini. Alichagua kumi na tano. Zote zikajibu. Akaita gari lisogee.

Ndoo ya mwisho ilipopakiwa, Awadhi alimsogelea Nyamizi, tabasamu likimtoroka. Nyamizi akafungua mkoba wake, akatoa daftari nene lililofungwa kwa nailoni. Ndoo zote tisini na sita zilikuwemo kwa kalamu.

"Usifikiri nimekuamini kiasi hicho," akasema. Kisha akamshika bega. "Bado. Lakini uje tena mwezi wa sita."

FUNZO

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mnaojifunza, ugonjwa wa nyumba yetu ulikuwa kupenda sifa. Hatukumpiga mtoto, hatukumnyima chakula, hatukulewa. Tulimpenda, na kwa kumpenda tukamfundisha kudanganya. Mwanamke wa watu amekaa msimu mzima wa mvua chini ya paa linalovuja kwa sababu sisi watatu tulifurahia makaratasi.

Masomo yaliyoko mtandaoni ni neema. Mtoto wa Tabora anasoma anachosoma mtoto wa Ulaya, tena bure. Yatumieni. Lakini somo la kazi ya mikono, na kompyuta ni kazi ya mikono, liko kwenye lile zoezi mnaloliruka. Usipoharibu kitu nyumbani kwako utakiharibu nyumbani kwa mwenzako. Na ukiambiwa kazi usiyoiweza, sema huiwezi, hata kama baba yako anakutazama.

Nasi wazazi tusijifiche nyuma ya kutojua kompyuta. Shaban hajui mpaka leo. Huhitaji kujua. Kaa karibu na mwanao, mwambie: fungua, jaza, zima, washa, nione. Kisha, ikikataa, usimkimbie.