Kiti cha Muuza Sabuni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Irakoze alikata sabuni. Jioni Bibi yake alikuwa amekwisha kumimina mchanganyiko wa mawese ndani ya boksi la mbao, na kulipokucha ulikuwa umeganda na kuwa mgumu. Irakoze alishika waya kwa mikono miwili, akaukaza, akaupitisha taratibu kutoka juu hadi chini. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mama yake, Esteri, na vipande vya Esteri vilitoka sawasawa. Vya Irakoze kimoja kilikuwa kinene, kingine chembamba, na wateja wa sokoni Kasulu wana macho.

"Waya hauna haraka, mwana wanje," Bibi alimwambia. Bibi alizaliwa Burundi, na ingawa alikuwa raia wa Tanzania kwa miaka mingi, alimwita mjukuu wake "mwana wanje", yaani "mwanangu" kwa Kirundi. Kiswahili alikielewa, ila kukisema kulimchosha, na miguu yake ilikuwa imevimba kwa uzee.

Esteri alifariki wakati watu walipokuwa wakiingoja mvua ya kwanza ya kupandia. Homa ilimshika, watu wakadhani ni malaria ya kawaida, na alipofikishwa hospitalini mambo yalikuwa yameharibika. Baba, Ndayisenga, alikaa mpaka matanga yalipoanuliwa, kisha akarudi Kibondo kwenye kazi yake ya ujenzi, kwa sababu tumbo halingoji msiba uishe. Irakoze, msichana wa darasa la sita, hakulia siku ya mazishi. Watu walimsifu kwamba ana moyo mgumu. Hawakujua kwamba machozi yalikuwa yamekwama tu mahali fulani, na hata yeye hakujua ni wapi.

Kitu kimoja cha mama yake kilibaki mjini, nacho ni kiti. Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, nyuma ya duka la Mzee Isihaka, muuza saruji na misumari ambaye babu yake alitoka Bagamoyo. Hapo ndipo Kikundi cha Alhamisi kilipokutana. Kila biashara ilikuwa na mtu mmoja tu: fundi cherehani mmoja, muuza nyanya mmoja, muuza sabuni mmoja. Mteja akiulizia sabuni dukani kwa Mzee Isihaka, alielekezwa kwa Esteri. Akiulizia nyanya kwa Esteri, alielekezwa kwa Mama Epifania. Hivyo walishikana mikono, na hakuna aliyelala njaa kirahisi.

Kila Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, kila mmoja alitoa habari yake ya wiki, na mwenye mbinu mpya aliwagawia wenzake. Lakini ilikuwapo sheria. Habari lazima ianze na neno "nimeona" au neno "nimesikia". Ukisema umesikia, kikundi kilituma mtu akahakikishe kwanza. Ukisema umeona, watu walifunga mizigo yao siku hiyo hiyo.

Baada ya matanga, Mzee Isihaka alikwenda mwenyewe nyumbani kwa marehemu. "Kiti cha Esteri ni cha nyumba hii," alimwambia Bibi. "Kama miguu haikuruhusu, aje mtoto. Akae, asikilize, akuletee habari."

Basi Irakoze akawa anakwenda. Zamu yake ilipofika, Mzee Isihaka alimtazama kwa upole, akamruka na kumgeukia aliyefuata. Alifanya hivyo kwa kumhurumia. Irakoze aliona aibu. Aliwakumbuka wale watu wakimsikiliza mama yake wakiwa wameinama mbele, na sasa kiti kile kile hakikuwa na neno.

Alhamisi moja alifika mapema. Alipokuwa anazunguka ukuta wa duka, alisikia sauti ya Bi Shamsia, fundi cherehani. Bi Shamsia alikuwa mtu mwema, ila mdomo wake haukuzoea kupumzika.

"Namhurumia yule mtoto, Wallahi," alikuwa akisema. "Lakini kile kiti kimekuwa bubu. Khatibu naye anauza sabuni. Anazunguka mpaka Nyakitonto na Muyama, kila siku ana jipya. Kwa nini tusimkaribishe yeye?"

Irakoze hakungoja jibu. Aligeuka akarudi nyumbani, akamwambia Bibi kwamba kikao hakikuwapo. Kikundi kilikuwa na nafasi ya muuza sabuni mmoja tu. Khatibu akikikalia kile kigoda, wateja wote wataelekezwa kwake, na kitu cha mwisho cha mama kitakuwa kimeondoka.

Wiki nzima alitafuta habari kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Jumatano, kwenye mashine ya kusaga, aliwasikia wanawake wawili wakizungumza. Mmoja alisema huenda kwaya zitakusanyika Busunzu Jumapili. Mwenzake akacheka. "Husema hivyo kila mwaka," alijibu, akajitwisha unga wake wa muhogo akaondoka.

Kesho yake zamu ilipomfikia, Irakoze aliinua mkono kabla Mzee Isihaka hajamruka. Alikusudia kusema "nimesikia". Lakini alimwona Bi Shamsia anakitazama kile kigoda, na neno likageuka mdomoni.

"Nimeona," alisema. "Wanakwaya wa Busunzu walikuja mashineni. Jumapili wana mkutano mkubwa. Wanatafuta nyanya, hawazipati."

Watu wakainama mbele, vile vile walivyokuwa wakiinama zamani. Mama Epifania, mjane mwenye shamba la nyanya bondeni, alimuuliza kwa sauti ya chini, "Uliwaona mwenyewe, mwanangu?"

"Niliwaona, Mama."

"Damu ya Esteri hiyo," Bi Shamsia alisema, na kweli alifurahi.

Irakoze alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Usoni mwake mlikuwa na furaha ambayo Bibi hakuwa ameiona tangu mazishi, na Bibi akamshukuru Mungu bila kujua anashukuru nini.

Alhamisi iliyofuata, kiti cha Mama Epifania kilikuwa kitupu. Mzee Isihaka alivua kofia yake, akaishika magotini.

"Mwenzetu anaumwa," alisema. "Alichuma shamba lote, akapakia matenga yake kwenye lori la kwenda Busunzu. Hakukuta kwaya wala mkutano. Mvua ikamkuta hapo barabarani, hana turubai. Nyanya zimepasuka, nyingine zimeoza, amezimwaga mtaroni. Zilikuwa za kununulia mabati, mnajua nyumba yake ilivyo. Amerudi na homa."

"Huenda waliahirisha," mtu mmoja alisema.

"Huenda," Mzee Isihaka alijibu. Hakuna aliyemtazama Irakoze kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma.

Jumamosi Bibi alifunga vipande vya sabuni kwenye jani la mgomba, akamwambia akamjulie hali mgonjwa. Irakoze alikwenda miguu ikiwa mizito. Nyumba ya Mama Epifania iliezekwa kwa nyasi kuukuu. Mvua ilikuwa ikinyesha, na maji yalidondoka ndani ya beseni lililowekwa kando ya kitanda. Mgonjwa alikuwa amejikunja upande mkavu wa godoro.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mvua yote hii?" Mama Epifania alikohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akaishika ile sabuni na kuinusa. "Harufu ya mikono ya Esteri. Usijilaumu, unasikia? Watu wa kwaya waliahirisha, hawakutuambia. Wewe uliwaona, hukusikia tu. Angesema mtu mwingine, ningeuliza kwanza. Lakini kile kiti hakijawahi kunidanganya."

Irakoze alitaka kusema ukweli, na hakuweza. Alimwaga maji ya lile beseni lililojaa, akalirudisha mahali pake, akaaga. Njiani alitembea kwenye mvua bila kujifunika.

Nyumbani Bibi alimwona tu akajua kuna jambo. Alimvua nguo mbichi, akamfunika kitenge cha mama yake, akangoja. Ndipo Irakoze akamweleza yote, mashine, wanawake wawili, Khatibu, na lile neno moja alilolibadilisha.

Bibi alimfuta maji usoni kwa ncha ya kitenge. Alikuwa amehuzunika, na hakuficha. "Ihangane, mwana wanje," alisema mwishowe. Hilo ndilo neno ambalo watu walimwambia msibani, la kumtaka avumilie. "Uongo uliusema mbele ya watu. Kaufute mbele ya watu. Tutakwenda wote."

"Miguu yako, Bibi?"

"Itafika."

Alhamisi walitoka mapema sana, maana Bibi alipumzika kila palipokuwa na jiwe la kukalia. Walipofika, Bi Shamsia aliinuka haraka akampa kiti chake. Irakoze hakukaa kwenye kigoda. Alisimama nyuma yake.

"Sikuona," alisema. Alikishika kigoda kwa mikono miwili. "Sikuwaona wanakwaya. Niliwasikia wanawake wawili, na mmoja alisema si kweli. Habari ya nyanya nilijitungia mwenyewe. Niliogopa kiti cha mama kitapewa Khatibu."

Bi Shamsia alishika kinywa chake. "Ewe Mola wangu," alinong'ona. "Mtoto alinisikia."

"Alikusikia wewe," Mzee Isihaka alisema, "lakini hakungoja kunisikia mimi. Irakoze, nilimjibu Shamsia kwamba kiti cha marehemu hakiguswi mpaka mwaka upinduke. Huo ndio utaratibu wetu tangu tulipoanza. Hakuna aliyetaka kukunyang'anya kitu."

Irakoze aliinamisha kichwa. Alikuwa amemwangusha mtu ili kulinda kitu ambacho hakikuwa hatarini.

"Nikuulize," mzee aliendelea, bila ukali. "Unadhani mama yako alikuwa na habari kila wiki?"

"Ndiyo, Babu. Watu walikuwa wanamsikiliza."

"Unakumbuka siku alizosema. Sisi tunakumbuka na siku nyingine. Alhamisi nyingi alikaa hapo hapo, akasema, 'Leo sina habari,' akanyamaza. Wala hatukumcheka. Kwa kuwa alikubali kusema hana, siku aliposema ameona hakuna aliyemuuliza mara mbili. Imani ile aliijenga polepole, miaka na miaka, nawe umeitumia kwa neno moja. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Sawa. Lakini mkono mtupu haujampeleka mtu Busunzu kwenye mvua."

Bibi alitikisa kichwa kukubali. Hakuhitaji kutafsiriwa.

"Na sisi wakubwa tuna sehemu yetu," mzee alisema, akimtazama Bi Shamsia na kisha wenzake. "Tulimweka mtoto kwenye kiti cha mtu mzima, hatukumwambia kwamba anaruhusiwa kukosa."

Siku ile hawakuzungumza biashara tena. Mzee Isihaka alitoa mabati yaliyobaki ghalani, Bi Shamsia akaahidi blanketi, na wanaume wawili wakakubaliana kwenda kuezeka. Kilichobaki kilikuwa cha Irakoze peke yake, kwenda kumwambia Mama Epifania.

Alimweleza akiwa amepiga magoti kando ya beseni. Mama Epifania hakumkemea. Aliugeukia ukuta, akakaa hivyo mpaka Irakoze akadhani amelala. Ingekuwa rahisi zaidi kama angempiga.

"Nenda nyumbani," alisema hatimaye, bado akiutazama ukuta. "Jumamosi urudi. Kuna kitalu cha kupalilia, na mimi sina nguvu."

Irakoze alirudi Jumamosi hiyo, na Jumamosi nyingine zilizofuata. Alipalilia, akatandaza nyasi kavu, akabeba maji kutoka mtoni mvua zilipokatika. Wiki za mwanzo Mama Epifania hakuzungumza naye ila kuhusu kazi. Baadaye akaanza kumwachia viazi vya kuchemsha juu ya jiwe. Homa iliondoka, ila kikohozi kilibaki, na nyanya zilizomwagwa Busunzu hazikurudi.

Siku Mama Epifania aliporudi kikundini, alikuwa amekonda na anatembelea fimbo. Alikaa karibu na kigoda cha miguu mitatu. Habari zikazunguka, mmoja baada ya mwingine, na safari hii Mzee Isihaka hakumruka mtu.

"Muuza sabuni," aliita.

Irakoze aliwatazama wote. Hakuwa na kitu. Wiki nzima alikuwa shuleni, kwenye sabuni na kwenye kitalu.

"Leo sina habari," alisema.

"Ahsante," Mzee Isihaka alijibu, kama alivyomjibu mtu mwingine yeyote. Kisha akawageukia wote. "Mmemsikia? Msema kweli si yule mwenye mengi ya kusema. Ni yule anayeweza kusema hana, huku watu wanamtazama."

Mama Epifania alisogeza fimbo yake, akaweka mkono juu ya goti la Irakoze.

"Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akisema mama yako," alisema. "Na kwa sauti hiyo hiyo."

Hapo ndipo machozi yaliyokwama tangu siku ya mazishi yalipopata njia. Irakoze alilia akiwa amekaa kwenye kigoda cha mama yake, mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Walingoja mpaka alipomaliza, ndipo zamu ikaendelea.