Kishada Chekundu cha Luka

Kwa jina la Mola aonaye kilichofichwa na kilicho wazi, tunaandika. Watu wa kisa hiki ni wanne: Priska, muuza mitumba wa Dodoma, Devota, wifi yake, aliyeishi naye nyumba moja Ipagala, Luka, mlinzi wa ghala la mitumba, mzaliwa wa Gulwe, na Mzee Yahaya, mpelelezi mstaafu.

Ilikuwa Julai 1988, upepo wa kipupwe ukikata masikio. Jumapili Luka alirudi kutoka misa ya kwanza akakuta ghala wazi. Kufuli halikuvunjwa. Gunia la kofia za watoto, za sufu, zilizovaliwa zamani Marekani penye theluji, lilikuwa limetoweka. Akakimbia kumwamsha Priska. Naye alipofungua mlango, alimwona Luka amevaa mojawapo, yenye kishada chekundu.

"Ushahidi umeuvaa mwenyewe!" Priska alifoka. "Usiivue mpaka polisi waione!"

Luka akawekwa kwa balozi wa nyumba kumi. Jumatatu, kabla hajapelekwa kituoni, Yahaya aliitwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Luka. Kofia hiyo imekupendeza kuliko yangu ya polisi ilivyonipendeza. Umeipata wapi?"

"Nimeiokota nje ya ua wa mama Priska, nilipokwenda kumwamsha. Masikio yaliniganda, baba. Nina watoto, nikifungwa watakula nini?"

Yahaya alitafakari. Mwizi gani wa nje atoke na mzigo, kisha apite mlangoni kwa mwenye mali? Akaenda kwa Priska, akaomba maji ya kunywa. Barazani Devota alikuwa akifuma sweta jekundu la mtoto.

"Uzi mpya huu, mwanangu?"

"Mpya kabisa, mzee. Nimeununua dukani Ijumaa."

Yahaya aliushika uzi. Ulijikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa sasa hivi.

"Uzi wa dukani hunyooka," alisema taratibu. "Huu ulikwisha kufumwa, ukafumuliwa. Priska, ufunguo wa ghala hutundikwa wapi?"

"Humu ndani... Wifi! Ni wewe?"

Devota aliweka sindano chini. "Watoto wa mji huu walivaa masweta yangu. Yalipokuja marobota yako ya mitumba, nani tena alinibishia hodi? Ukanicheka mbele ya wateja, wifi. Nikasema, sufu iliyoniua ndiyo itakayonilisha."

"Na Luka je?" Yahaya aliuliza. "Umemtwika gunia lako?"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Devota. Akajifunga khanga, akatangulia mwenyewe kwa balozi kukiri. Priska akamfuata, akamwomba Luka radhi. Luka alipovua kofia amrudishie, Priska akamvisha tena.

Mola awajaalie walio chini ya paa lile riziki isiyomnyima mwenzao, na amkinge na kifungo kila asiye na kosa. Amina.