Mteja wa Chumba cha Nyuma

Anayetaka kubisha na abishe. Mwenye kisa hiki ni shangazi yangu, dada wa baba, tumbo moja, na mimi nilikuwepo kwa macho yangu. Sikuhadithiwa.

Shangazi ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kimeungana na nyumba: mbele kuna meza ya kukatia na cherehani ya kukanyaga, nyuma kuna kachumba kenye kufuli. Mimi kazi yangu ilikuwa kutia vifungo, kukunja pindo na kulaumiwa. Lawama kubwa ilikuwa futi, ule utepe wa kupimia. Kila siku utamsikia, "Futi yangu iko wapi?" Atainua vitambaa, atatikisa gauni la mtu, atanitazama mimi kwa jicho la kumtafuta mwizi. Na futi yenyewe anayo shingoni.

"Shangazi, shingoni."

"Si ungesema mapema?"

Alishona peku. Alisema viatu vinamnyima kulisikia kanyagio. Mguu wake wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Pasi ya mkaa iliwahi kumwangukia akiwa msichana. Wateja walijaa mpaka nje, mafundi wa mtaa mzima wakipiga miayo. Watu walisema mkono wake una kitu. Yeye alicheka tu.

Asubuhi ya siku hiyo binti yake, binamu yangu, aliingia akishika kiuno. Mimba yake ilikuwa kubwa na gauni limeanza kumkaba.

"Mama, nilegezee hapa pembeni, nitapasuka."

"Wewe na tumbo lako. Simama wima."

Shangazi akamzungushia futi tumboni, akaikutanisha kwa vidole, akatazama namba. Kicheko kikamkatika. Akaipima tena, taratibu, kama asiyeamini. Kisha akamwambia mwanawe aende akapumzike, gauni litakuwa tayari. Binamu alipotoka, shangazi alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Njoo nyuma. Ufunge mlango."

Kwenye kachumba kale kulikuwa na sanamu ya kuvalishia nguo, isiyo na kichwa wala mikono. Tuliiita Bi Kimya. Nilikuwa nikiitania, naisalimia, nauliza habari za watoto. Siku hiyo sikusalimia.

Shangazi alinong'ona akiwa amekitazama kitasa cha mlango. Alipokuwa kijana hajui hata kukata mkono wa blauzi, alijifunza kwa fundi mmoja mwanamke mzee sana. Yule mzee alipokaribia kufa alimpa futi hii, akamwambia inakuja na ufundi wake na inakuja na Mteja wake. Jioni iweke kwenye mabega ya sanamu. Asubuhi ichukue. Siku nyingi utaikuta ilivyo. Siku nyingine utaikuta imechomekwa pini: ya mabega, ya kifua, ya kiuno, ya urefu. Basi shona nguo nyeupe ya vipimo hivyo, ivishe sanamu, funga mlango. Asubuhi nguo haipo.

"Halafu?"

"Halafu panatokea msiba mtaani. Mwenye vipimo hivyo."

"Shangazi! Na hukukataa?"

"Kazi zilikuwa zinakuja," alisema. Aliona aibu, na mimi nilimchukia kwa muda huo, nasema wazi.

Safari hii, alisema, pini zilikuwepo, lakini ya kiuno ilikuwa ikisogea. Kila asubuhi kidogo. Alidhani Mteja hajaamua, akaacha kushona akisubiri itulie. Leo alipompima binti yake ndipo akaelewa. Kiuno kinachosogea kila siku mtaani kwetu kilikuwa kimoja tu.

Jumapili shangazi alikwenda kanisani. Alikuwa akienda pale kupeleka majoho ya kwaya. Kila mwanakwaya alimjua kwa upana wa mabega. Kukaa kusikiliza, hapana. Siku hiyo alikaa. Mchungaji alihubiri neema. Alisema neema haina futi, Mungu hakupimi kwanza akaona kama unamtosha. Watu wakacheka, wengine wakageuka kumtazama fundi kwa utani. Fundi alikuwa analia kwa sauti.

Alitubu mbele ya wote, akaeleza habari za futi na nguo nyeupe. Wapo waliokuwa na misiba yao mle ndani, na macho waliyomtazama nayo sitaki kuyakumbuka. Mchana huohuo wazee wa kanisa walikuja kubeba vitu vya kachumba, wakavichoma uwanjani wakiimba. Bi Kimya, mkasi, jora la kitambaa cheupe. Mbao za sanamu zililia motoni.

"Na futi?" mchungaji aliuliza.

"Imo humo," shangazi alijibu.

Alijibu kwa moyo mweupe kabisa. Alidhani ameiacha mabegani pa Bi Kimya. Na mimi, mtu wa kumwambia "shingoni" kila siku, sikuona chochote, maana alikuwa amejifunika mtandio mpaka kidevuni.

Ubatizo wake ulipangwa Jumapili ya pili, baada ya mafundisho. Tulirudi nyumbani tumechoka lakini wepesi. Binamu alikula vizuri. Tukacheka.

Kesho yake mchana, jua likiwa kali, nilikuwa uani naanua nguo. Nikasikia cherehani inakanyagwa.

Sikushtuka. Nyumba ya fundi, cherehani ndiyo kelele yake. Kisha shangazi akatokea jikoni na mwiko mkononi. Tukatazamana.

"Nani yuko kwenye mashine?" akanong'ona.

Tulisukuma mlango pamoja. Hapakuwa na mtu. Gurudumu lilikuwa bado linazunguka, likipunguza mwendo. Chini ya sindano palikuwa na kitambaa cheupe. Jora tuliliona likiungua. Pindo moja lilikuwa limeshashonwa. Mshono wa shangazi. Mzuri kuliko wa mtu yeyote mtaani.

Kanyagio likashuka lenyewe.

Ndani ya nyumba binamu akapiga kelele.

Tulimkuta sakafuni, mikono imebana ubavuni, macho yametoka. "Nabanwa," alisema. "Mama, kuna kitu kinanibana." Gauni lake lilikuwa pana kama hema. Niliingiza mkono mzima ndani yake. Hapakuwa na kinachobana. Lakini kila cherehani ilipokimbia kule mbele, ngozi yake ilikunjamana ubavuni, mstari mrefu ulionyooka, kuanzia kwapani kushuka kiunoni. Cherehani ikinyamaza, anapata pumzi. Ikianza tena, hana.

Nilimwita jirani yetu mkunga. Shangazi hakumsubiri. Alitoka mbio, peku, na mimi nyuma yake, mpaka kanisani.

Mchungaji alikuwa ndani ya birika la ubatizo, suruali ameikunja, anasugua ukoga kwa brashi. Maji yalimfika magotini.

"Mchungaji, nibatize sasa hivi."

"Mama, mafundisho hata hatujaanza."

"Sasa hivi, baba. Nakuomba."

Alimtazama. Hakuwa mtu wa haraka. "Niambie ukweli. Unamjia Yesu, au kuna mtu unamkimbia?"

"Vyote viwili."

Mchungaji aliweka brashi ukingoni. "Basi ingia hivyohivyo," akasema, akafungulia bomba maji yaongezeke.

Aliingia na nguo zake za jikoni. Mtandio aliojitanda tangu jana ulielea ukamtoka, na hapo ndipo nilipoiona futi. Namba zikimtazama kila mtu. Nikafungua mdomo kusema neno nililolisema maisha yangu yote, lakini mchungaji alikuwa ameshamlaza majini.

Hakuinuka.

Mchungaji alivuta. Akavuta tena, mishipa ikamtoka shingoni. Maji yalikuwa machache, hata mtoto angesimama. Lakini ile futi ilikuwa imekazwa. Ncha moja shingoni mwa shangazi. Nyingine ilikwenda chini, imenyooka kabisa, mpaka kwenye saruji. Na saruji ile haina tundu. Niliisugua mwenyewe miaka yote ya utoto wangu.

Kitu kiliivuta kutoka huko. Niliona ikikaza zaidi.

Niliruka ndani. Nilishika futi nikavuta, ikanikata kiganja. Uso wa shangazi ulikuwa chini ya maji, macho wazi, ananitazama. Midomo yake ilikuwa inaenda. Alikuwa anaomba. Sikuwa na nguvu. Mchungaji hakuwa na nguvu. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu walitusifu, na sisi hatukufanya kitu.

Mchungaji aliacha kuvuta. Akaweka kiganja juu ya kifua cha shangazi, akainamia maji, akanong'ona.

"Huyu hapimwi tena."

Futi ikalegea.

Alitoka akikohoa, akitapika maji, hai. Utepe ulibaki ukielea. Niliuokota. Ulikuwa mweupe pande zote mbili, hauna namba hata moja.

Tuliporudi, binamu alikuwa amekaa kitandani akimgombeza mkunga kwamba ana njaa na hakuna anayejali. Ubavuni alibaki na alama nyembamba kama ya lastiki ya soksi. Mtoto alikuja kuzaliwa salama baadaye, kelele nyingi, leo anavunja vikombe vyetu. Shangazi alipomwona binti yake alimwangukia magotini akalia, na mimi chuki yangu ikaishia pale.

Kisha tukaenda mbele.

Cherehani ilikuwa kimya. Mlango wa kachumba ulikuwa na kufuli. Shangazi alifungua. Pale aliposimama Bi Kimya palikuwa na nguo nyeupe, imekamilika, imetundikwa kwenye msumari. Ilikuwa imelowa chapachapa. Maji yalidondoka sakafuni.

Shangazi aliishika mabega akajiwekea kifuani. Mtu aliyeinamia mashine miaka mingi bega moja hushuka. Nguo ile nayo bega moja lilishuka. Urefu ulikuwa wake. Kiuno kilikuwa chake.

"Amemalizia kwa vipimo vyangu," alisema.

"Tuichome, shangazi. Twende tukaichome."

"Ya nini? Mwenye nguo hii amekufa leo kanisani, kwenye maji yale. Ulikuwepo." Akairudisha msumarini kwa upole, kama kazi ya mteja yeyote. "Aje aichukue."

Akafunga. Usiku huo tulilala wote chumba kimoja, taa ikiwaka.

Asubuhi nguo haikuwepo. Msumari ulikuwa mtupu. Lakini sakafuni kulikuwa na nyayo za maji, peku, zinaanzia ukutani chini ya msumari. Zilipita kando ya cherehani, zikapita meza ya kukatia, zikaelekea mlango wa nje. Mguu wa kulia vidole vyote. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho.

Shangazi alikuwa amesimama ubavuni mwangu, miguu mikavu, ndani ya viatu. Tangu siku ile anashona na viatu.

Nyayo nilizipiga deki, zikatoka zote isipokuwa mbili za mwisho, pale kizingitini. Hizo hazikauki. Nimeweka jivu, nimeweka chumvi, fundi wa saruji amebandua sakafu akamwaga nyingine. Asubuhi yake zilikuwepo. Na hizo hazielekei barabarani kama nyingine. Vidole vimegeukia ndani.

Shangazi huziruka kila asubuhi akija kazini, huku anaimba. Nikimuuliza kama haogopi, ananicheka. "Atasimama hapo mpaka achoke. Chumba alichokuwa anakaa kina Mwenyewe sasa." Kisha anajigusa kifua, anainamia mashine na kushona.

Mimi nakaa naye, natia vifungo. Kiti changu nimekigeuza kitazame mlango.