Shati Lililopotea Mahakama ya Juu

Majaji waliporudi kutoka mapumziko, meza ya vielelezo ilikuwa tupu. Shati lenye damu, lililompeleka mfungwa kifungo cha maisha, halikuwepo.

Milango ikafungwa. Inspekta Miwani akaanza na karani wa mahakama.

"Nilitoka kunywa maji tu, afande."

"Ukamwacha nani humu?"

"Mawakili wanabishana dirishani. Na mama wa mfungwa, anasali."

Wakili wa serikali alikuja juu. "Mimi niliibe? Shati hilo ndilo lililonipa ushindi mahakama zote za chini!"

Wa utetezi alikuwa amejishika kichwa. "Mimi ndiye niliyeomba liletwe, Inspekta. Mteja wangu pande la mtu, shati halimpiti hata mabegani. Huko chini hakuna aliyewaza kumvalisha. Leo majaji wangejionea."

"Si kuna picha?"

"Picha haina saizi."

Miwani akazungusha macho. Ukumbi mzima ulikuwa umenuna, isipokuwa mama mmoja aliyekuwa akimtabasamia mwanawe kizimbani. Ncha ya mtandio wake ilikuwa na masizi. Kupitia dirisha la upande wa pili, jalala la nyuma lilikuwa bado linafuka moshi. Kwa mara ya kwanza kazini, Miwani aliomba awe amekosea.

"Shikamoo, mama. Hayo masizi ya wapi?"

"Marahaba, baba. Nimelichoma." Hakuficha hata kidogo. Akamwonyeshea kidole wakili wa utetezi. "Si yeye mwenyewe? Asubuhi nimemsikia kwenye korido, anasema na simu: bila lile shati, hatuna kesi. Nikashukuru Mungu. Basi mwanangu hana kesi tena. Anatoka saa ngapi?"

Wakili alimaanisha kwamba bila shati hawana hoja ya kusimama nayo. Mfungwa aliinamisha kichwa, mabega yake mapana yakitikisika.

Majaji walijadiliana kidogo tu. Hakukuwa na kipya cha kutazama, hukumu ikabaki ilivyo. Miwani alishika pingu mfukoni na kukosa nguvu ya kuzitoa.

"Haya, tukate rufaa nyingine," mama akasema. "Twende kwa wakubwa wao."

"Hawa ndio wa mwisho, mama," Miwani akamjibu.

"Juu yao kuna nani?"

Miwani alitazama dari. Mama naye akatazama juu, akisubiri jibu.