Mlango wa Nyuma wa Kushoto

Watu wa gereji walimwita Nyoosha, kwa sababu hakukuwa na bati lililomshinda. Magari yake aliyapata kwenye mnada wa mtandaoni: yaliyogongwa, yaliyopinduka, yaliyokatiwa tamaa na wenyewe. Aliyachagua kwa picha huku akinywa chai, yakaja kwa meli, akayanyoosha, akayauza. Mkewe alimwambia mara nyingi kuwa rahisi ni ghali. Naye alimjibu, "Mama Kipusa, hiyo rahisi ndiyo inayotulisha."

Safari hii hakutaka kuuza. Kigari hiki cha bluu kilikuwa cha nyumbani, cha kumpeleka Kipusa shule. Ndiye mtoto wao pekee, aliyekuja baada ya miaka mingi ya dua na machozi.

Tatizo lilikuwa mlango wa nyuma wa kushoto. Haukufungika vizuri. Shemeji yake, mpaka rangi wa gereji, aliupitishia kiganja.

"Shemeji, gari likigongwa bati huingia ndani," alinong'ona. "Hili limetokeza nje. Limepigwa na mtu aliyekuwa humo."

"Sasa unataka nimwite aje kutoa ushahidi?"

"Tafuta mlango mwingine. Huu usiufunge."

Nyoosha akacheka. Mtoto alikwishaahidiwa gari Jumatatu. Akaugonga, bati likarudi, akauchomelea mlango ukashikana na bodi, akapaka puti kusawazisha mabonde. Shemeji akapiga rangi. Ungelitazama gari lile, usingejua kitu.

Jumapili mchana, Nyoosha alikuwa akiliosha uani. Jua lilikuwa kali. Kipusa akaingia kwa mlango wa nyuma wa kulia kujaribu kiti chake. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Nyoosha akavuta kitasa. Kimegoma. Akazunguka, akavuta vingine. Vyote vimegoma.

Mle ndani mtoto alikuwa amefungwa mkanda. Hakujifunga mwenyewe. Alikuwa amegeukia upande wa mlango uliochomelewa, akitikisa kichwa taratibu, kama anayesikiliza. Kiti cha upande ule kilikuwa kitupu.

Du! Mlango ukapigwa kutoka ndani. Puti ikapasuka.

Du!

Nyoosha akashika spana kubwa, akapiga kioo. Ikadunda. Akapiga tena. Hata ufa hakuna. Mkewe alikuja mbio, akapiga magoti kwenye povu la sabuni, akaliita jina la mwanawe huku akilia.

Kipusa akasogeza mdomo kwenye kioo.

"Baba, anauliza kwa nini umemfungia."

Nyoosha alilia kama mtoto. Akaleta mashine ya kukatia chuma, akaukata ule mlango huku akimwomba msamaha mtu asiyemwona. Ukaanguka. Ubaridi ukampita shingoni. Kipusa akatoka mzima, akaomba maji ya kunywa.

Hapo ungesema yamekwisha. Gari lilikatwakatwa, likaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Vioo vyake vilitolewa vyote vizima.

Lakini kila asubuhi, mama anapomchana Kipusa nywele kabla ya shule, chanuo hukwama. Nyoosha hukinga sahani. Hudondoka vichembe vya kioo, kama vile vya gari lililopata ajali. Wamemnyoa nywele, zimeota, navyo vimerudi. Wamekwenda kwa madaktari, wamekwenda kwa wenye dua. Nyoosha hukinga tu.

Juzi vilikuwa na damu, na kichwa cha mtoto hakikuwa na hata mkwaruzo.