Ndege ya Kaliza

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa moja asubuhi, Inspekta Mukunde alikuwa barabarani na jembe begani kama wakazi wote wa mtaa ule wa Gahanga, Kigali. Siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, hakuna cheo: afisa wa polisi na muuza nyanya wanachimba mtaro mmoja, na mara nyingi muuza nyanya ndiye anayechimba vizuri. Alikuwa hajapiga hata jembe la kwanza aliposikia sauti ya mwalimu Niyongabo kutoka nyuma ya nyumba yake.

"Wameichukua! Mama Kaliza, wameichukua!"

Mtaa mzima ulielewa ni nini kilichochukuliwa. Niyongabo, mwalimu mstaafu wa fizikia, alikuwa ameunda ndege ndogo ya kurushwa kwa rimoti pamoja na Kaliza, binti yake wa pekee. Mwili ulikuwa wa mbao nyepesi, mrefu kama mkono wa mtu, na mabawa mawili ya kuchomeka. Kaliza alipaka rangi ya mwisho wiki moja kabla ya kulazwa hospitali, na hakurudi nyumbani. Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Ndege haikuwahi kuruka hata mara moja.

Ilipaswa kuruka kesho yake, Jumapili. Kibali kilikuwa kimetoka, uwanja wa nyasi bondeni ulikuwa umekubaliwa, na mwalimu hakuwa na Jumapili nyingi za kuchezea. Macho yake yalikuwa yanazimika. Ijumaa, siku iliyotangulia, daktari wa macho alimwambia bila kuzunguka: kila mwezi giza litaongezeka kidogo, mpaka siku moja aamke asione kitu.

"Nilitaka kuiona hewani mara moja tu," alimwambia Mukunde mlangoni mwa stoo. "Mara moja, Mukunde mdogo wangu. Halafu giza lije likitaka."

Mukunde aliegemeza jembe ukutani, akaingia.

Kufuli lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Ufunguo ulikuwa ukining'inia kwenye msumari wake nyuma ya mlango wa jikoni. Betri ilikuwa ndani ya sanduku la chuma, mahali pake, na rimoti juu ya meza. Kitambaa cha kitenge kilichokuwa kinafunika ndege hakikuwapo. Na juu ya rafu, imelazwa vizuri pembeni ya spana, ilikuwepo propela.

"Mwalimu, propela ulikuwa umeitoa wewe?"

"Hapana. Alhamisi nilijaribu mota uani, nikachoka, nikairudisha ndege ndani na propela yake. Nilikosea. Sheria ya nyumba hii ni kwamba ndege ikiingia ndani, propela inatoka kwanza kabla ya kugusa kitu kingine. Mota ikishtuka na propela iko mahali pake, inakata vidole. Kaliza angeniona, angenigombeza."

Mwizi, basi, alikuwa ameitoa. Mukunde aliitazama propela ile kwa muda, akatoka nje.

Kwenye baraza mwavuli mweusi ulikuwa umeachwa wazi ukauke. Umulisa, mke wa mwalimu, alikuwa amekaa karibu nao, mikono mapajani. Mukunde alimpa pole, akamuuliza juu ya jana.

"Nilikwenda kwa dada yangu Uwizeye, ng'ambo ya bonde," Umulisa alisema. "Niliondoka mapema, jua bado kali. Mvua ilinikuta huko huko. Baba Kaliza alikuwa kliniki. Nyumba ilibaki tupu."

"Ulirudi na mvua?"

"Ilikuwa imekatika. Nilirudi mkavu." Alisema hivyo akiwa anatazama miguu yake.

Mtaani watu walikuwa wamekwisha kumpata mwizi. Ni yule mlinzi mpya, walisema, yule anayelinda nyumba inayojengwa mbele ya lango la mwalimu. Kwani nani mwingine anayekaa akiangalia nyumba hiyo kutwa? Mukunde alimkuta Nsabimana ndani ya mtaro, matope mpaka magotini. Akashuka, akachimba pamoja naye. Mtu anayechimba hapati nafasi ya kutunga uongo mrefu.

"Afande, mi niko hapa wiki tatu tu, watu bado sijawajua," Nsabimana alisema akihema. "Bwana Yesu ni shahidi, sijavuka hii barabara."

"Jana uliona nani akitoka pale?"

"Mzee alitoka kwanza. Nyuma yake, sijaona mutu mpaka mvua ianze kupiga. Pale nikaona mama moja, iko na mwavuli, iko na mtoto mugongoni na mukeka chini ya mukono. Basi. Hakuna mwizi."

"Sura yake uliiona?"

"Mwavuli ilifunika. Nikamuonea huruma, mtoto kwa mvua ile."

"Mtoto alikuwa analia?"

"Hapana. Alikuwa amefunikwa mpaka kichwa, kimya kabisa. Alikuwa mrefu, huyo mtoto. Na miguu sikuiona."

Mukunde aliacha kuchimba. Yeye, mama wa watoto wanne, alikuwa amewabeba wote mgongoni, na hakuna hata mmoja ambaye miguu yake haikutokeza huku na huku kiunoni mwake, ikipiga mateke. Alimalizia kipande chake cha mtaro, akanawa mikono.

Umuganda ulipokwisha na barabara zikafunguliwa, mtu wa pili kwenye midomo ya watu alifika mwenyewe. Jean-Paul, mwenye ghala kule Masoro na nyumba kubwa Kimihurura, alikuwa mrushaji ndege hodari kuliko wote jijini, na alijua hivyo, na alipenda wengine pia wajue. Mara mbili aliomba auziwe ndege ya Kaliza. Mara ya pili mwalimu alimfukuza kama mbuzi aliyeingia shambani. Alishuka kwenye pikapu yake uso umemvimba kwa hasira.

"Inspekta, nasikia mimi ndiye mwizi?"

"Wewe ndiye uliyeitaka."

"Niliitaka, ndiyo! Nani asingeitaka? Yule msichana alikuwa na mikono ya dhahabu. Lakini tumia akili kidogo. Mimi nina pikapu. Ningeilaza nzima nyuma, na mabawa yake, niondoke. Nasikia propela imebaki rafuni. Ningeiacha kwa nini?"

"Ungeitoa kwanza, kwa usalama."

Jean-Paul alicheka bila furaha, akamwonyesha kidole chake cha shahada. Kovu lilikizunguka kutoka kucha mpaka kiungo cha pili. "Hili nimelipata mezani kwangu kwa sababu siitoi kamwe. Kaliza alinicheka mwaka mzima. Sheria hiyo ni ya nyumba hii tu, Inspekta. Sijaiona kwingine."

"Ya nyumba hii tu," Mukunde alirudia. "Ingia ndani, Jean-Paul. Nataka na wewe usikie."

Walikaa sebuleni wanne, chini ya picha ya Kaliza akiwa na gundi kwenye shavu. Umulisa alimimina chai ya maziwa na hakuna aliyeigusa.

"Mwizi alitumia ufunguo, akaurudisha mahali pake," Mukunde alianza. "Nje hakuwa na gari, kwa hiyo alichomoa mabawa, akayafunga ndani ya mkeka. Kabla ya kugusa chochote alitoa propela, jambo ambalo linafundishwa katika chumba kimoja tu Kigali nzima. Aliyelifundisha amefariki. Mwalimu alikuwa kliniki. Ukiwatoa hao, ni nani mwingine aliyekaa katika chumba kile jioni baada ya jioni?"

Mwalimu aligeuza kichwa taratibu kuelekea upande alipokaa mke wake.

"Mama Kaliza," Mukunde alisema kwa sauti ya chini, "uliniambia uliondoka jua likiwa kali, ukarudi mkavu. Lakini mwavuli wako asubuhi ulikuwa barazani unakauka. Na mlinzi aliona mama mwenye mtoto mgongoni, mtoto aliyefunikwa mpaka kichwa, asiye na miguu."

Umulisa aliweka birika chini. Alikuwa mwanamke wa kusema kidogo.

"Nilikuwa nawaletea chai kule stoo," alisema. "Kila nikinyoosha mkono nisogeze kile kitu, anapiga kelele: Mama, propela kwanza! Jana mikono yangu ilifanya yenyewe. Nilimsikia kabisa."

"Wewe?" Niyongabo alinong'ona. "Umulisa, wewe? Unajua siku nilizobakiza!"

"Najua! Na wewe huoni kikombe mezani, jana ulikimwaga. Utaiona ndege mawinguni? Utaiangusha, Baba Kaliza. Itapasuka vipande, na mimi nitaviokota. Nilimzika mtoto, nikanyamaza. Sasa unataka nizike na hiki pia?" Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke. "Nimemkumbuka mpaka mifupa inauma. Nilipoifunga mgongoni uzito ulikuwa kama wake alipokuwa mchanga. Ule ule. Nilitembea na mvua bonde zima, na sikutaka kufika."

Jean-Paul alitazama sakafu.

Mwalimu alivuta kiti chake karibu na cha mkewe. Alipozungumza, hasira ilikuwa imemwisha.

"Unajua kwa nini juu aliipaka nyekundu na chini njano?"

"Ni rangi zake tu. Alipenda rangi."

"Ndege ikiwa mbali, mrushaji asipojua imelala upande gani, inaanguka. Kaliza alijua macho yangu yanakwenda kabla sijamwambia mtu. Alisema: Baba, ukiona njano, ujue iko sawa, iko juu yako. Aliipaka kwa ajili ya macho haya, Mama Kaliza. Aliipaka iruke."

"Hukuniambia."

"Sikuweza kulitamka jina lake mbele yako. Kila nikilitaja ulikuwa unatoka chumbani."

Umulisa alifunika uso kwa upande wa kanga. Mwalimu alipapasa juu ya meza mpaka akaupata mkono wake.

"Lakini kuhusu kuiangusha umesema kweli," alisema. "Sitaishika rimoti." Ilimgharimu kusema hivyo. "Jean-Paul. Wewe ndiye utakayerusha."

"Mwalimu, mimi..."

"Usipojisifu kwa siku moja hutakufa."

Mukunde aliwaangalia, akaifunga kesi hapo hapo. Mtu hawezi kuiba kilicho chake, na kama bosi wake angetaka maelezo zaidi, angemwambia aje achimbe mtaro.

Jumapili asubuhi bonde lilikuwa limekauka na hakuna upepo. Umulisa alileta mwili wa ndege na mabawa yake kutoka kwa dada yake. Niyongabo alichomeka mabawa na kufunga propela kwa kupapasa, kisha akainyanyua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, macho amefumba, kupima kama imelingana. Pua ilishuka kidogo tu, kama inavyotakiwa. Rimoti iliwashwa kwanza, betri ikafuata. Jean-Paul alisimama nyuma ya ndege, akasukuma kijiti kulia, kibao kidogo kwenye ukingo wa bawa la kulia kikainuka. Akasukuma kushoto, cha kushoto kikainuka. Aliwarudisha wote nyuma yake. Hakujisifu.

Ndege ilikimbia kwenye nyasi, ikaruka.

"Iko wapi?" mwalimu aliuliza. "Mama Kaliza, iko wapi?"

Umulisa alimshika kidevu, akakigeuza juu kidogo, kushoto kidogo. "Pale, juu ya mikaratusi. Inageuka sasa. Inakuja kwetu."

Mwalimu alisubiri. Mdomo wake ukafunguka.

"Njano," alisema. "Naona njano. Yewe, Umulisa, ninaiona!" Akalia kwa sauti kama mtoto, na mkewe akalia naye, huku mlio mdogo wa mota ukipita juu ya vichwa vyao.

Ilitua salama, ikasimama kwenye nyasi. Betri ilichomolewa. Umulisa alikuwa wa kwanza kuifikia. Alipiga magoti, akachukua spana mfukoni mwake, akatoa propela. Halafu Jean-Paul akachomoa mabawa, naye Umulisa akainama, na Mukunde akamsaidia kuulaza mwili wa ndege mgongoni na kuufunika kwa kitenge. Niyongabo alikuja kwa hatua fupi fupi, akatafuta ncha mbili za kitenge kifuani mwa mke wake, akazifunga fundo.

"Imekaza?" aliuliza.

"Imekaza," Umulisa alisema. "Twende nyumbani."